Dawa ya Panya, Sumu ya Watu: Habari ya Thaliamu

Ndugu msomaji, katika lugha yetu ya Kiswahili neno "dawa" limebebeshwa mzigo mzito. Twasema dawa ya homa, twasema dawa ya meno, twasema dawa ya viatu; na kwa ulimi ule ule twasema dawa ya mende, dawa ya kunguni na dawa ya panya. Mtu mzima hatatizwi na jambo hili, kwani anajua ipi ni ya kunywa na ipi ni ya kuulia. Lakini mtoto wa miaka mitatu, ambaye jana alibembelezwa na mama yake anywe dawa ili apone kikohozi, akisikia leo kwamba kuna dawa nyuma ya mtungi wa maji, atafahamu nini?

Juma hili nia yetu ni kuzungumza juu ya chumvi moja yenye sumu kali, iitwayo salfeti ya thaliamu. Tumeichagua kwa sababu historia yake yaonyesha waziwazi hatari ya jina hilo. Katika muda usiozidi karne moja chumvi za thaliamu ziliitwa dawa ya jasho, zikaitwa dawa ya mapunye, zikaitwa dawa ya kuondoa nywele, na mwisho zikaitwa dawa ya panya. Majina yalibadilika, sumu ikabaki ile ile.

Katika nchi nyingi matumizi ya thaliamu majumbani yamekwisha kupigwa marufuku, na sumu za panya zinazouzwa kihalali siku hizi aghalabu ni za namna nyingine. Hata hivyo mafunzo iliyoyaacha yanaihusu kila nyumba yenye panya na yenye watoto, na hizo katika miji yetu si chache.

MADINI YENYE MSTARI WA KIJANI

Thaliamu ni madini, kama risasi na zebaki zilivyo madini. Katika orodha ya elementi za kemia inakaa nafasi ya 81, katikati ya zebaki iliyo ya 80 na risasi iliyo ya 82, na majirani hao wote watatu ni sumu. Ni laini kiasi cha kukatika kwa kisu. Ikikatwa hung'aa kama fedha, lakini ikikaa hewani kidogo hupoteza mng'ao wake na kuwa ya kijivu.

Aliyeigundua ni mwanakemia wa Uingereza, William Crookes, mwaka 1861. Alikuwa akichunguza mabaki ya kiwanda cha asidi ya salfuriki. Alipoyachoma na kuutazama mwanga wake kwa chombo cha kuchambulia rangi, aliona mstari mmoja wa kijani uliong'aa sana, ambao haukuwa wa elementi yoyote iliyojulikana wakati huo. Akaipa elementi hiyo mpya jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya chipukizi la kijani. Mwaka uliofuata Mfaransa Claude-Auguste Lamy akafaulu kuitenga thaliamu yenyewe, na haukupita muda mrefu kabla hajatoa onyo kwamba ni kitu cha sumu. Yafaa tulikumbuke onyo hilo, maana waliofuata hawakulikumbuka.

Hatari kubwa zaidi kwa mtu wa kawaida haimo katika kipande cha madini, imo katika chumvi zake. Hapa neno chumvi tulielewe kama wanakemia wanavyolielewa: si ile ya kutia katika mchuzi tu, bali ni kitu chochote kinachozaliwa madini yanapoungana na asidi. Thaliamu ikiungana na asidi ya salfuriki huzaliwa salfeti ya thaliamu. Hiyo ni chembechembe nyeupe, huyeyuka katika maji, na katika maji ya moto huyeyuka zaidi. Haina harufu. Haina ladha.

Binadamu amejaliwa walinzi watatu mbele ya tumbo lake: jicho, pua na ulimi. Mafuta ya taa yananuka, shubiri ni chungu, na samaki aliyeoza hujitangaza kabla hajafika mezani. Salfeti ya thaliamu huwapita walinzi hao wote watatu bila ya kupigiwa kelele. Ukiiweka kando ya sukari au chumvi, jicho haliwezi kuitofautisha. Ukiitia katika chai, ulimi hauna habari. Nayo kiasi cha gramu moja hivi, kisichojaza hata kijiko kidogo, chaweza kumwua mtu mzima. Kwa mtoto kiasi hicho ni kidogo zaidi. Kadhalika si lazima iliwe: vumbi lake likivutwa, au chumvi yenyewe ikishikwa kwa mikono mitupu, hupenya hadi ndani ya mwili.

NAMNA INAVYOUDANGANYA MWILI

Msomaji atauliza, sumu hii huua kwa njia gani? Jibu ni kwamba huua kwa kujifanya mwenyeji.

Miili yetu yahitaji sana potasiamu, ambayo tunaipata katika ndizi, viazi, maharage na mboga. Potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kupiga, misuli kujikunja na mishipa ya fahamu kupeleka habari. Kwa hiyo kila chembe hai ya mwili ina milango maalumu ya kuipokea. Sasa, chembe ya thaliamu inapoyeyuka huwa na umbo na nguvu ya umeme inayokaribiana mno na ile ya potasiamu. Mlango haujui tofauti, hufunguka, na mgeni huingia. Akisha kuingia hafanyi kazi ya potasiamu, bali huiharibu. Tena hushikamana na salfa iliyomo katika protini za mwili, na kuzizuia zisifanye kazi yake.

Dalili hazitokei zote kwa siku moja, na hilo ndilo linalowapotosha wengi. Katika siku ya kwanza au ya pili mgonjwa huumwa tumbo na kutapika, pengine kidogo tu, kama mtu aliyekula chakula kilicholala. Baadaye aghalabu hufunga choo. Watu wa nyumbani husema ni tumbo tu, litapoa. Baada ya siku chache huanza maumivu ya nyayo na vidole vya miguu, maumivu ya kuchomachoma yanayopanda juu, makali kiasi kwamba hata shuka ikigusa miguu mgonjwa hupiga kelele. Miguu hukosa nguvu. Moyo waweza kwenda mbio. Usingizi hupotea, fikira huvurugika, na wengine hupatwa na degedege.

Kisha, katika juma la pili au la tatu, huja dalili inayoitambulisha thaliamu kuliko zote: nywele hunyonyoka. Hutoka kwa mafungu, zikabaki juu ya mto wa kulalia na katika meno ya kitana. Mgonjwa akiishi, baada ya mwezi mmoja hivi huonekana mistari myeupe iliyokatiza kucha zake. Lakini wenye kula kiasi kikubwa huweza kufa kabla ya nywele kupata nafasi ya kunyonyoka.

ILIPOITWA DAWA

Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya waganga wa Ulaya waliwapa chumvi za thaliamu wagonjwa wa kifua kikuu, ili kuzuia jasho jingi linalowatoka usiku. Waliona wagonjwa wao wakinyonyoka nywele. Badala ya kushituka, wengine waliona hapo faida nyingine: je, dawa hii haiwafai watoto wenye mapunye?

Wakati huo mapunye ya kichwani yalikuwa tabu kubwa, kwani ukungu wake hujificha ndani ya nywele zenyewe. Nywele zikitoka zote, ukungu huondoka nazo. Basi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 watoto wengi walinyweshwa chumvi nyingine ya thaliamu, asetati, kwa kipimo kilichohesabiwa kwa uzito wa mwili. Wengi walinyonyoka, wakapona mapunye, nywele zikaota upya. Lakini kipimo cha kuponya kilikaribiana mno na kipimo cha kuua. Mkono ukiteleza kidogo kwenye mizani, mtoto hurudi nyumbani katika jeneza. Watoto walikufa namna hiyo katika nchi mbalimbali, kwa ugonjwa ambao wenyewe hauui. Mambo yalitulia kabisa mwishoni mwa miaka ya 1950 ilipopatikana griseofulvini, dawa ya ukungu ambayo hata hospitali zetu zimeitumia kwa miaka mingi.

Akina mama nao hawakusalimika. Kuanzia mwaka 1930 huko Marekani iliuzwa krimu iitwayo Koremlu, ya kuondolea nywele za usoni na za miguu, yenye asetati ya thaliamu ndani yake. Ilitangazwa, ikawekwa katika maduka makubwa, na wanawake wakainunua kwa imani. Nywele za mdomo wa juu zilitoka kweli, lakini zilitoka na za kichwani pia. Tena baadhi yao walipooza miguu na kudhurika macho. Serikali haikuweza kuizuia mara moja, kwa kuwa sheria ya Marekani ya wakati ule haikugusa vipodozi. Kampuni ilifilisika mwaka 1932 kwa wingi wa madai. Mkasa huo na mingine ya jinsi hiyo ndiyo iliyosukuma kupitishwa kwa sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 1938. Dada zetu wanaonunua krimu za kujichubua zisizo na maandishi ya kueleza kilichomo, yafaa wauzingatie mkasa huu.

ILIPOITWA DAWA YA PANYA

Mwaka 1920 nchini Ujerumani salfeti ya thaliamu ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, kwa jina la Zelio. Kwa kazi hiyo ilifaa mno. Panya ni mnyama mwenye hadhari, huonja kidogo kwanza kabla ya kula. Lakini sumu isiyo na ladha wala harufu hawezi kuitambua, na kwa kuwa haimwui papo hapo, wenzake hawapati onyo. Tatizo ni kwamba kila sifa iliyomshinda panya ilimshinda na binadamu.

Mwezi wa Januari 1932, katika jimbo la California, gunia la shayiri iliyotiwa salfeti ya thaliamu kwa ajili ya kuulia wanyama waharibifu wa mashamba liliibiwa ghalani. Shayiri ile ilisagwa, ikapikwa mikate. Watu zaidi ya 30 waliugua, na kadhaa miongoni mwao wakafa. Hawakuwa na shida ya akili wala ya macho. Walikuwa na njaa, na nafaka ile ilifanana na nafaka nyingine yoyote.

Katika miaka ya 1950, huko Texas, madaktari waliandika habari za watoto zaidi ya 70 waliodhurika kwa thaliamu, wengi kwa kula chambo cha panya. Jambo hilo si la ajabu. Chambo hutengenezwa kwa kitu kitamu ili panya akipende, huwekwa sakafuni ambako panya hupita, na sakafuni ndiko mtoto anakotambaa. Baadhi ya watoto hao waliopona walibaki na ulemavu wa akili au wa viungo kwa miaka kadhaa.

Na kulikuwa na waliotumia sumu hiyo kwa makusudi. Mjini Sydney, Australia, ambako sumu ya panya yenye thaliamu ilikuwa ikiuzwa waziwazi madukani, mwaka 1953 alihukumiwa bibi mmoja, Caroline Grills, aliyekuwa na desturi ya kuwakirimu jamaa zake chai na keki. Bara letu nalo lina kidonda chake: Félix Moumié, kiongozi wa chama cha UPC kilichopigania uhuru wa Kameruni, alitiliwa thaliamu na jasusi wa Kifaransa mjini Geneva, akafariki tarehe 3 Novemba 1960. Daktari kwa taaluma, Moumié mwenyewe alitambua kwamba amelishwa sumu, lakini muda ulikuwa umekwisha kupita.

Mwenye nia mbaya asije akadhani kwamba hii ni sumu isiyofuatiliwa. La hasha. Thaliamu hukaa katika mkojo, katika kucha na katika nywele kwa muda mrefu, na maabara huikuta hata katika maiti iliyokwisha kuzikwa.

Marekani ilizuia matumizi ya thaliamu majumbani mwaka 1965, na mwaka 1972 ikafunga mlango wa matumizi yaliyosalia ya kuulia wanyama. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani lilishauri sumu hiyo isitumike tena kwa panya. Hata baada ya hapo baadhi ya nchi ziliendelea: huko Guyana, katika miaka ya 1980, salfeti ya thaliamu iliagizwa kwa ajili ya panya wa mashamba ya miwa, na mwaka 1987 nchi nzima ikaingiwa na hofu ya sumu hiyo.

MTOTO WA QATAR

Mwaka 1977 mtoto wa kike wa miezi 19 alisafirishwa kwa ndege kutoka Qatar hadi London. Alikuwa mahututi, na ugonjwa wake haukujulikana. Madaktari wa Hospitali ya Hammersmith walimpima kila kipimo walichokifikiria, lakini mtoto alizidi kudhoofika.

Muuguzi aliyemwangalia, Marsha Maitland, alikuwa wakati huo akisoma hadithi ya Agatha Christie iitwayo The Pale Horse, iliyochapishwa mwaka 1961. Katika hadithi hiyo watu huuawa kwa thaliamu, na mwandishi, ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali, ameeleza dalili zake kwa usahihi. Muuguzi alipoona nywele za mtoto zimeanza kunyonyoka, alikumbuka aliyoyasoma, akawaambia madaktari: yawezekana hii ni thaliamu. Mkojo ulipopimwa, maneno yake yakawa kweli. Ikagundulikana kwamba nyumbani kwao kulikuwa na sumu ya kuulia wadudu na panya yenye thaliamu, na mtoto alikuwa ameila. Alitibiwa, akapata nafuu.

Tuna mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza, sumu ile haikuletwa na adui. Ililetwa na wazazi wenyewe, kwa nia njema ya kuisafisha nyumba yao. La pili, madaktari hodari wenye vyombo vyote walikwama kwa kukosa habari moja tu: nyumbani kwa mtoto huyu kuna sumu gani?

Habari hiyo ikichelewa, gharama yake ni kubwa. Mjini Beijing mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliugua mwishoni mwa mwaka 1994, akanyonyoka nywele, akapata nafuu, kisha akaugua tena vibaya zaidi. Thaliamu haikuthibitishwa hadi Aprili 1995, baada ya rafiki zake kuomba ushauri wa madaktari wa nchi nyingine kwa njia ya intaneti. Dawa ilipatikana kwa haraka tangu hapo, lakini mishipa ya fahamu ilikuwa imekwisha kuharibika. Aliishi akiwa amepooza na karibu haoni mpaka alipofariki mwaka 2023.

RANGI INAYOPONYA

Dawa yenyewe, na hapa twalitumia neno hili kwa maana yake halisi, ni rangi iitwayo buluu ya Prusia, iliyotengenezwa mara ya kwanza mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 kwa kazi ya wachoraji. Mwaka 1969 ilielezwa kitaalamu kwamba inaweza kuitega thaliamu, na sasa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Thaliamu iliyomo mwilini humwagwa ndani ya utumbo, kisha utumbo huifyonza tena na kuirudisha katika damu, ikizunguka hivyo siku nyingi. Buluu ya Prusia ikinywewa hukaa ndani ya utumbo bila ya kuingia katika damu. Hushika kila chembe ya thaliamu inayopita, ikiacha potasiamu mahali pake, kisha zote mbili hutoka pamoja kwa haja kubwa. Tuangalie lakini: dawa hii hutengenezwa maalumu na hutolewa hospitalini. Si ile buluu ya kufulia mashati meupe, wala si rangi ya dukani. Mtu asithubutu kumnywesha mgonjwa vitu hivyo.

KWA WAFANYAKAZI

Thaliamu haikutoweka duniani. Hutumika katika viwanda vya vioo maalumu na vya vyombo vya elektroniki, na namna yake moja yenye mnururisho, kwa kiasi kidogo mno kisichodhuru, hutumiwa na madaktari kupiga picha za moyo. Tena imo kwa uchache katika mawe ya madini ya zinki, risasi na shaba, na katika makaa ya mawe. Yakiyeyushwa au kuchomwa, hutoka pamoja na moshi na vumbi.

Mwaka 1979 wakazi wa mji wa Lengerich, Ujerumani, waliona mimea ya bustani zao ikiharibika. Ilikutwa kwamba kiwanda cha saruji cha jirani kilichanganya katika saruji mabaki ya madini yenye thaliamu, na vumbi lake liliangukia mboga, majani na mifugo. Waliokula mboga za bustani zao wenyewe walikutwa na thaliamu katika mikojo na nywele zao. Kwa hiyo mfanyakazi anayeshughulika na tanuri au vumbi la madini ana haki ya kupewa barakoa na glavu, naye ana wajibu wa kuzivaa, kunawa kabla ya kula, na kutorudi nyumbani na nguo za kazi akawapakata watoto.

NA SISI JE?

Pengine msomaji atasema: ikiwa thaliamu imekwisha kupigwa marufuku, hofu ya nini? Ni kwa sababu sumu iliyoondoka imeacha kiti, na nyingine zimekikalia. Mwezi Oktoba 2024 dunia nzima ilisikia: watoto sita wa Naledi, Soweto, Afrika Kusini, walikufa kwa sumu ya terbufosi. Hiyo ni sumu ya wadudu wa mashambani, isiyoruhusiwa majumbani, lakini iliuzwa mitaani kama sumu ya panya. Mwezi uliofuata Rais Cyril Ramaphosa aliliambia taifa lake kwamba watoto wasiopungua 22 wamekwisha kufa katika wimbi lile la sumu. Waliokuwa wakiinunua hawakuwa wauaji. Walikuwa wazazi wenye panya.

Na sisi katika mitaa yetu ya Dar es Salaam twawaona vijana wakipita na vipaza sauti, wakinadi dawa ya panya, ya mende na ya kunguni, nyingine katika vipakiti visivyo na maandishi. Hatuwalaumu kwa kutafuta riziki. Lakini sumu isiyo na lebo haimwambii mama ni kitu gani amekinunua, wala haimwambii daktari atibu nini. Nazo sumu hazitibiwi kwa dawa moja. Zipo zinazozuia damu kuganda, na hizo dawa yake ni vitamini K. Zipo za zinki, ambazo hazina dawa maalumu ya kuzizima. Daktari asiyejua ipi imeliwa ni kama fundi anayetafuta waya uliokatika gizani. Hapa nchini Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ilianzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo ndiyo yenye kazi ya kusajili na kudhibiti bidhaa za namna hii. Kisichosajiliwa kisivuke kizingiti cha nyumba yako.

Basi hebu tuyashike haya:

Kwanza, tuanze kwa kuziba matundu, kufunika vyakula, kuondoa takataka na kutumia mitego. Panya asiyepata chakula wala mahali pa kulala huhama bila ya kulishwa sumu.

Pili, ikiwa hapana budi kununua sumu, inunuliwe dukani, katika chombo chake cha asili chenye jina la sumu na maelezo ya matumizi.

Tatu, sumu isihamishwe kamwe kutoka katika chombo chake na kutiwa katika chupa ya soda, kopo la maziwa ya unga au kikombe. Sumu isiyo na harufu wala ladha haina sauti nyingine ila lebo yake. Ukiitenga na lebo, umeifanya bubu.

Nne, ihifadhiwe mbali na jikoni, juu, chini ya kufuli. Chambo kisiwekwe wazi mahali mtoto anapotambaa, na asubuhi kilichobaki kiokotwe.

Tano, mbegu za kupanda zilizotiwa dawa zisiliwe hata njaa ikipiga vipi, wala zisioshwe kwa matumaini kwamba sumu imetoka.

Sita, mtu akila sumu, asitapishwe kwa nguvu, wala muda usipotee kwa kumnywesha maziwa, mafuta au mayai mabichi. Kama imemwagikia ngozi, ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Kisha apelekwe hospitali mara moja, na chombo cha sumu kibebwe pamoja naye, hata kama kimebaki kitupu.

Saba, na hili halina gharama yoyote, tuzoee kukiita kitu kwa jina lake. Tuseme sumu ya panya, sumu ya mende, sumu ya kunguni. Neno dawa tuliachie kile kinachoponya. Wataalamu wa karne mbili zilizopita walijua thaliamu ni sumu tangu miaka yake ya mwanzo, lakini ilipoitwa dawa, mikono ililegea.

Leo ni Jumapili, na wengi wetu tumo nyumbani. Ukisha kulisoma gazeti hili, ndugu msomaji, inuka ufungue kabati, uchungulie chini ya kitanda na nyuma ya mtungi. Kila chupa usiyoweza kusema kwa hakika ina nini, iondoe pale ilipo kabla watoto hawajaamka. Tahadhari kabla ya hatari.